Asipokuja, nani anamwandika?

Jumatano mtoto mmoja aliniuliza swali, na leo Jumamosi bado ninalo. Nimelala nalo, nimepanda nalo basi, nimepika nalo. Naandika nione kama litapungua.

Ni yule mvulana wa kofia ya kijani, wa darasa la tano, anayekaa kando ya dirisha. Nilishamtaja huko nyuma, ndiye aliyetaka kujua kama twiga huwa anakohoa. Hasemi sana. Ila akisema, ujue amekaa na jambo lake kwanza mpaka limeiva.

Kipindi kilikuwa cha Kiingereza na mada ilikuwa shule za nchi nyingine. Mwalimu wangu mlezi, Mama Sweta kama tulivyozoea kumwita hapa, alinishauri nilete picha ya darasa nililofundisha wakati wa TP, mazoezi yangu ya kufundisha, kule Mbagala, Dar es Salaam. Ninayo moja ninayoipenda kuliko zote, ya siku ya kuagana. Darasa la Tatu B, mashati meupe, sketi na kaptura za bluu, wa mbele wamechuchumaa, wa nyuma wamebanana hadi ukutani, na madirishani vinachungulia vichwa vya watoto wa zamu ya mchana waliokuwa wanangoja sisi tutoke ili waingie wao. Niliirusha kwa projekta ikajaa ukuta mzima. Jamani, nilifurahi. Kuwaona watoto wangu wakubwa namna ile, kwenye ukuta wa Jyväskylä, huku Finland, na nje theluji inaanguka!

Maswali yakaja. Mbona wote wamenyoa? Wanakula nini? Wanacheza nini mapumziko? Nikajibu yote kwa raha, nikawaeleza uji, nikawaeleza rede. Halafu yeye akanyoosha kidole.

“Hao wako wangapi?”

“112.”

“Darasa moja?”

“Darasa moja.”

Akaitazama picha. Nilimwona anahesabu, midomo inacheza.

“Unawajua wote majina?”

“Si wote. Wengi.”

“Sasa yule usiyemjua jina, siku asipokuja, nani anamwandika kwenye Wilma?”

Wilma ni ile programu ya shule za huku. Kila kipindi mwalimu anaweka alama ya asiyekuwepo, na mzazi anaiona kwenye simu akiwa kazini, inabidi aeleze mtoto yuko wapi. Mama Sweta huanza nayo kabla hajaketi. Darasa lao lina watoto 22. Anainua macho mara moja, anazungusha, anajua.

Sikuwahi kujibu. Muda ulikwisha, na huku ukishakwisha umekwisha: dakika 45 za kipindi, dakika 15 nje, iwe baridi isiwe baridi. Wakakimbilia viatu vyao mlangoni, kwa maana ndani wanashinda na soksi. Naye akaenda, koti halijafungwa, kile kiakisi wanachovaa watoto wote kwa ajili ya giza kikicheza mfukoni. Hakugeuka nyuma kutazama kama nimeumia. Hakuwa na nia ya kuumiza. Aliuliza kwa sauti ile ile anayoulizia maziwa yako wapi.

Wiki hii theluji ya kwanza imeanguka, msimamizi wangu wa chuo amekuja kunikagua na amenipitisha, posho imeingia, na binamu yangu amejifungua salama mtoto wa kike, alhamdulillah. Hayo nitayaandika siku nyingine.

Jioni ile nilishuka kwa miguu kilima cha Seminaarinmäki, pale kwenye majengo ya matofali mekundu. Ilikuwa haijafika saa kumi na giza lilishaingia. Seminari ile ilianza mwaka 1863, ya kwanza kufundisha walimu kwa Kifini, na mpaka leo tunapita humo na mabegi yetu. Kwenye semina zetu tunazungumza sana juu ya uwiano wa walimu na wanafunzi. Tunachora grafu, tunajadiliana, tunakunywa kahawa. Uwiano haujawahi kuniuma hata siku moja. Aliyeniuma ni mtoto mmoja, asiye na jina, ambaye leo hakuja na hakuna aliyemwandika.

Njia nzima nikawa najibu kwa sauti. “Tuna rejista.” Ndiyo, ipo, kubwa, jalada gumu, na mwalimu wa darasa ndiye anayewajibika nayo. Lakini kwa watoto 112, ukiita jina moja moja mpaka ufike kwa akina Zuhura, kipindi cha dakika 40 kimeliwa robo, na kuna wa zamu ya mchana wanaosubiri. Kwa hiyo monita anahesabu, mwalimu anajaza. Jibu hilo nikaliona halifai. Alichouliza si kitabu, ni mtu. Nani.

Nikajaribu jingine: “Zamani walikuwa wachache, elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 wakaja wengi.” Hilo ni kweli, na ninalisimamia popote. Wale waliofurika mwaka ule hawakushuka kutoka mbinguni, walikuwepo mitaani siku zote, wanauza maji na kulea wadogo zao. Sitamani darasa liwe dogo kwa sababu wenzao wamebaki nyumbani. Lakini hata hili silo alilouliza.

Nikafika chumbani, nikawasha taa, nikachukua karatasi nikaanza kuandika majina yao. Sijui kwa nini. Asha wawili, mmoja wa kulia sana na mmoja wa kucheka sana. Baraka mrefu, Baraka wa mlangoni, Baraka anayechora magari. Mwanaidi. Shabani na pacha wake ambaye mpaka naondoka walikuwa wananidanganya nani ni nani. Neema aliyekuwa anakuja na mdogo wake mgongoni siku mama yao ana mzigo sokoni. Yakamiminika. Yule mwenzangu Mkorea alipita kuchukua chumvi, akaniona nimeinama, akaweka kikombe cha chai kando yangu akaondoka bila neno. Mungu ampe heri.

Na yalipokatika majina, ikaanza miandiko. Hili sikulitegemea. Mwalimu wa darasa kubwa anawasahihisha watoto kuliko anavyowatazama. Kuna watoto ambao sura zao zimenitoka, ila ukiniletea daftari leo nitakwambia ni la nani. Anayekandamiza penseli hadi ukurasa wa pili. Anayeanza kila sentensi na “Halafu”. Na Zuwena, ambaye mkia wa “g” yake ulikuwa unashuka mpaka unagusa mstari wa chini, na daftari lake lilijaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji.

Ndipo nikamkumbuka Zuwena vizuri. Siku moja nasahihisha mazoezi ya kutoa kwa kukopa, nikafika mwisho wa lundo nikahisi kuna kitu kimepungua. Daftari la saruji halikuwepo. Asubuhi yake nikaenda kwenye dawati lake, wanakaa wanne, nikawakuta watatu. Nikauliza Zuwena yuko wapi. Wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake: mwalimu, amepelekwa Mkuranga kwa bibi yake, mama yake anaumwa tumbo, wamepanda gari la saa kumi na mbili, ameacha rula yake kwa Mwanaidi, kasema atarudi. Walijua tangu saa ile ile alipoondoka. Na yule Baraka wa mlangoni, aliyekuwa analalamika kila siku kwamba anabanwa, alikuwa bado amekaa nusu ya nafasi yake. Hawakujitanua.

Nilisimama nikiwa na ile karatasi mkononi. Nani anamwandika? Dawati! Dawati linamwandika!

Usiku huo nilishindwa kuvumilia, nikampigia mama, ingawa tangu saa za huku zirudishwe nyuma Oktoba wao wametutangulia kwa saa moja na alikuwa anajiandaa kulala. Nikamsimulia. Mama akacheka, akaniambia, “Mwanangu, wewe hujui babu yako alivyokuwa anafanya?” Sikujua. Babu mimi nimemkuta mzee wa redio na bao. Kumbe miaka ile ya UPE, ile ya elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, alipokabidhiwa chaki akiwa kijana mdogo aliyemaliza la saba, darasa lake lilikuwa chini ya mkorosho huko Lindi, na rejista iliyokuwepo ililiwa na mchwa. Basi kila asubuhi anasimama mbele yao anasema, “Kila mtu amshike jirani yake bega.” Wanashikana. Kisha anauliza, “Nani bega lake halijashikwa?” Aliyebaki bila jirani ndiye anayesema nani hakuja, na kwa nini. Mama naye baadaye alikuja kuwa mmoja wao, babake mwenyewe ndiye mwalimu wake. Akaniambia mpaka leo akiingia kwenye mkutano huwa anatazama bega.

Nililala vizuri usiku ule. Naomba niseme wazi kwamba darasa la watoto 112 ni gumu, linamchosha mwalimu na linamnyima mtoto haki yake, na nikirudi nitalisema hilo mahali popote nitakaposikilizwa. Lakini nilikuwa nimeanza kuamini, tangu nije huku, kwamba mle ndani hakuna anayemwona mwenzake. Si kweli. Wanaonana sana. Mara nyingi mwalimu ndiye wa mwisho kupata habari.

Ijumaa nikamtafuta. Nilimkuta wakati wa chakula, saa tano asubuhi, amejipakulia mwenyewe viazi na samaki, ana glasi yake ya maziwa. (Mlioniuliza: ndiyo, ni bure kwa kila mtoto, tangu mwaka 1948.) Nikaketi mbele yake nikamwambia, nina jibu la swali lako. Akaacha uma. Nikamweleza Zuwena, daftari la saruji, dawati la wanne. Nikamweleza babu na mabega. Alisikiliza yote bila kutikisa kichwa, bila “mmh”, ndivyo walivyo huku na nimeshazoea. Nilipomaliza akafikiri kidogo.

“Alirudi?”

“Nani?”

“Zuwena.”

TP yangu iliisha kabla. Nilimwambia hivyo. Aliondoka wiki ya nne, mimi nikaondoka ya nane, na katikati hapo hakuwa amerudi.

“Waulize wale watatu,” akasema, akachukua uma wake akaendelea na kiazi.

Waulize wale watatu. Kha! Nimeenda nayo hiyo nyumbani badala ya ile ya kwanza. Naiona sura ya yule mtoto akisema, haina shaka hata kidogo kwamba jambo hili linawezekana na kwamba nilipaswa tu kuambiwa. Na ni kweli, linawezekana. Nina namba ya mwalimu wa darasa. Wale watatu sasa wako darasa la nne, pengine dawati lile lile, na kama kuna mtu anayejua Zuwena yuko wapi ni wao. Jana usiku nikamwandikia mwalimu: shikamoo, habari za siku, watoto hawajambo, naomba Jumatatu ukipata nafasi uwaulize Mwanaidi na Baraka wa mlangoni kuhusu Zuwena. Tiki mbili zimetokea. Bado hajajibu, na ni mwisho wa wiki, sitamsumbua. Lakini nimeona nikiandika ujumbe ule kwamba nilikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kuwa na watu wa kuwauliza.

Ningeishia hapo, ila jioni hii mjomba amenitumia ujumbe. Mdogo wangu yuko katikati ya mtihani wa kidato cha nne, mnajua tulivyomngoja. Simu za wiki nzima mama ananiambia “yuko sawa, anasoma”, kisha anabadilisha mazungumzo. Kumbe miwani yake imevunjika tangu wiki iliyopita, kioo cha kushoto kimetoka, anafanya mitihani huku ameziba jicho moja kwa kiganja. Hawakutaka niwe na wasiwasi. Nimeshamtumia mjomba hela, lakini kesho ni Jumapili, na Jumatatu asubuhi mtoto ana karatasi nyingine. Mjomba anasema kuna fundi mmoja Kariakoo anayefungua hata Jumapili, ila anataka vipimo vya macho. Karatasi ya vipimo nakumbuka niliiweka mwenyewe kwenye kabati la vyombo, droo ya juu, chini ya vitambaa. Mama alihamisha kabati lile walipopaka rangi. Simu yake sasa hivi haipatikani.