Louis aliyeuza duka lake

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii nimekaa na Waefeso 5, ile sura tunayoisikia karibu kila harusi, ikifika aya ya 22, "enyi wake, watiini waume zenu", wababa tunajikoholesha na kutazamana, halafu aya ya 25 inapita hivihivi kama tangazo la parokia. Na hiyo ndo inatuhusu sisi: mpende mkeo "kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake". Yaani msalaba kabisa, sio kuacha hela ya matumizi mezani ukajiona umemaliza.

Mnamjua Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu? Alikuwa fundi saa pale Alençon, Ufaransa, ana duka lake, anaheshimika mjini. Mkewe Zélie alikuwa na biashara ya lesi, nayo ikakua mpaka ikamzidi, na huku watoto wanazaliwa (walipata tisa, wanne wakafa wadogo). Basi mwaka 1870 hivi Louis akauza duka la saa, akaingia kwenye biashara ya mke wake, akawa anasafiri kufuatilia oda na kushika hesabu. Karne ya 19 hiyo jamani! Hapa kijiweni kwetu tungeshasema kalishwa limbwata. Zélie akafariki 1877 kwa kansa ya matiti, Teresa ana miaka minne tu, Louis akahamia Lisieux ili mabinti wawe karibu na ndugu wa mama yao, akaacha marafiki na mji wake. Oktoba 2015 Papa Fransisko akawatangaza watakatifu wote wawili kwa pamoja.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulifundisha kwamba mtu hajipati kikamilifu mpaka ajitoe kwa dhati. Ajitoe mwenyewe lakini. Dada anapigwa, akisema anaambiwa avumilie, eti ndoa ni msalaba, hapo tunamsingizia Mungu. Sheria ya Kanisa, kanuni 1153, inamruhusu mwenzi kutengana kama yeye au watoto wako hatarini. Na aya ya 25 inamwambia mume ndo ajitoe.

Swali la jumuiya wiki hii, wababa muanze: biashara ya mkeo ikiinuka kuliko yako na anahitaji mtu wa kumsaidia, utauza duka? Wamama tafadhali msiwajibie.

Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee.