Nilivyoweza kuwatofautisha batisi wawili wa msitu wa Arabuko-Sokoke

Sisi wapenzi wa ndege tunaoishi Mombasa tumebahatika. Ukidamka alfajiri ukapanda matatu ya Malindi na kushuka Gede, utaingia Arabuko-Sokoke kabla jua halijawa kali. Humo ndimo walimo ndege wawili wadogo wanaofanana: batisi wa msitu, Batis mixta, na batisi wa pwani, Batis soror. Wote wana urefu wa sentimita 10 hivi, wana rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, na hunasa wadudu majanini bila kutulia.

Kwa muda mrefu nilikazania madume. Wote wawili wana mkanda mweusi kifuani. Wa pwani mkanda wake ni mwembamba na mgongo wake umepauka zaidi, lakini nani atapima hayo huku jua linampiga usoni? Jicho husaidia, kwani la msitu ni jekundu na la pwani ni la manjano, ila lazima upate mwanga mzuri.

Walionifungulia njia ni majike. Jike wa msitu ana rangi ya kutu kooni na kifuani, na hata mstari wa bawa lake ni wa kutu. Jike wa pwani ana doa dogo kooni na mkanda hafifu wa hudhurungi kifuani, na mstari wa bawa ni mweupe. Mimi hutazama bawa kwanza. Na kwa kuwa mara nyingi huwa wawili wawili, ukimtambua mke umemjua na mume.

Halafu kuna miti, hasa mirihi (Brachystegia). Mzee wa Kigiriama aliyetuongoza aliniambia, "Mwanangu, hapa tuko kwenye mirihi. Huyo wako wa msitu utamkuta kule kwenye mchanga mwekundu." Ndivyo ilivyo. Kwenye mchanga mweupe mirihi imeachana, mwanga unapenya, na batisi wa pwani hula huko juu, mara nyingi katika kundi la ndege mchanganyiko. Batisi wa msitu hukaa chini zaidi, kwenye mchanga huo mwekundu wa magharibi wenye vichaka vizito vya miti ya Cynometra, na pia upande wa bahari penye mibambakofi.

Sasa daftarini naandika mti kwanza, kisha bawa la jike, kisha jicho. Dume aliye peke yake mpakani mwa mirihi, ambaye jicho lake sikuliona, namwandika "batisi" tu.