Nilivyomaliza jaribio la chumba cha chavua, baada ya kurudishwa nyumbani mara ya kwanza

Naandika hii kwa sababu kila mtu mwenye aleji akisikia kuna jaribio la dawa ndani ya chumba cha chavua anapewa ushauri na watu ambao hawajawahi kuingia humo, halafu anarudishwa nyumbani kama nilivyorudishwa mimi. Nilimaliza lile jaribio lote, siku zote mbili, dakika zote, na najivunia kabisa.

Aleji yangu ni ya chavua ya majani, yaani ule unga wa nyasi zinapochanua. Msimu ukifika napiga chafya tangu alfajiri, macho mekundu, usiku pua zote mbili zimeziba nalala mdomo wazi. Ndo maana niliposikia wanatafuta watu wa kujaribiwa dawa nikasema mimi hapa.

Chumba chenyewe ni hivi: kimefungwa, hewa inayoingia inachujwa kwanza, halafu mashine inamwaga chavua kidogo kidogo na feni zinaisambaza ili anayekaa kona hii na anayekaa kona ile wavute kiasi kilekile. Joto na unyevu havibadilishwi, na kuna vipimo vinahesabu chavua muda wote. Kile chumba maarufu cha Vienna kinatumia kama chembe 1,500 za chavua ya majani kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na cha Kingston kule Kanada wanafika kama 3,500 za gugu la ambrosia. Sasa linganisha: Uingereza wakitangaza chavua ya majani ni nyingi, wanaanzia chembe 50, tena huo ni wastani wa siku nzima. Kwa hiyo usiingie ukidhani utakaa kama unavyokaa bustanini. Na sababu ya kujisumbua hivyo naielewa vizuri sasa, maana nje mvua ikinyesha chavua inashuka, upepo ukivuma inapanda, mmoja kashinda ndani mwingine kashinda shambani, hao utawalinganishaje? Humo ndani wote tumevuta hewa moja, na dawa ikianza kufanya kazi inaonekana ni dakika ya ngapi. Hata vichujio vya kuweka puani vimewahi kupimwa kwenye vyumba vya namna hii.

Sasa nieleze nilivyoanguka. Kabla ya kukubaliwa unachomwa vitone kwenye mkono, kipimo cha ngozi. Wanadondosha tone la chavua, tone la maji ya chumvi ambalo halitakiwi kufanya kitu, na tone la histamini yenyewe, ile kemikali mwili unayotoa aleji ikishika, ambalo linatakiwa kuvimba kwa kila mtu, uwe na aleji usiwe nayo. Nilikaa pale nimenyoosha mkono nina uhakika wangu, nikijua kivimbe cha chavua kitatokea kikubwa wataniandika hapohapo. Dakika 15 zikapita. Mkono safi. Nesi akasogeza taa, akapima na rula, akamwita mwenzake. Mimi nikaanza kujitetea, "dada, mi nina aleji kweli, njoo msimu ukifika unione." Akaniambia taratibu, "Kaka, kwamba chavua haijavimba sio tatizo langu, tatizo ni kwamba na histamini haijavimba. Umekunywa dawa gani wiki hii?" Nikasema hakuna. Akarudia, hakuna kabisa? Hakuna. Akaniuliza kama nimekuwa na mafua. Hapo ndo nikakumbuka, siku mbili nyuma nilikuwa na kikohozi usiku nikanywa ile sirapu ya mafua inayoleta usingizi. Kumbe sirapu nyingi za usiku zina antihistamini ndani, yaani dawa ya kuzuia histamini, tena ndo hiyo inayoleta usingizi! Mwili wangu ulikuwa umefungwa kwa dawa ya aina ileile wanayotaka kuipima. Nikaambiwa nikae bila antihistamini yoyote, mafua yapone, ndipo nirudi.

Iliniuma sana kwa sababu kuna jamaa alikuwa ameniambia hata ukimeza kidonge kimoja asubuhi ili usiteseke hawatajua. Jamani wanajua. Mkono unakusema. Tangu siku ile nikawa nasoma maandishi madogo ya kila dawa ndani ya nyumba, hadi ya kupaka ile ya kuwashwa nikaiweka kabatini. Na kama unatumia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi waambie mapema, hiyo wanataka uiache kwa muda mrefu zaidi.

Niliporudi histamini ikavimba, chavua ikavimba zaidi ya histamini. Wakanipima na pumzi, nikapuliza kwa nguvu kwenye kile kifaa. Hapo usifiche kitu, kama una pumu isiyotulia sema, maana chavua ikishuka kifuani hilo ni jambo jingine kabisa. Daktari anakuwepo na adrenalini, dawa ya dharura aleji ikizidi, iko tayari.

Siku yenyewe unavaa ovaroli na kofia ya nywele, lenzi za macho unaacha, unapewa kompyuta ndogo ya kujazia alama. Vitu vinne: kamasi, kuziba, kuwashwa, chafya, kila kimoja 0 hadi 3, jumla 12. Unajaza kila baada ya muda fulani, masaa yanapita. Ushauri mwingine mbovu niliopewa ni huu: jaza alama kubwa kubwa waone dawa ni muhimu. Ukifanya hivyo umeharibu, kwa sababu ukianza na 3 na pua ikazidi kuwa mbaya utaandika ngapi? Mimi nilijitengenezea kipimo changu kabla ya kuingia, nikakikariri. 1 ni kile ambacho nisingekikumbuka kama nisingeulizwa. 2 kinanikatiza nikisoma. 3 siwezi kusoma kabisa. Nikawa na kitabu mkononi, kengele ikilia najiuliza tu: kurasa hizi nimezisomaje? Sikuangalia alama nilizoweka mwanzo, na sikumtazama jirani yangu, maana yule alikuwa anapiga chafya mfululizo na chafya ya mwenzio inakuvuta uone na wewe ni mgonjwa zaidi.

Kingine, pumua kwa pua. Kuna wakati mwili unataka mdomo na utaona nafuu, ila chavua haifiki puani na alama zako hazina maana tena. Tishu usitie mfukoni, zinawekwa kwenye mfuko wako wenye namba kwa sababu zinapimwa uzito, kamasi yote inahesabiwa kwa gramu.

Nauli na fidia ya muda walinipa, sikutoa mfukoni. Ukitoka oga, badili nguo, na usipange shughuli jioni, pua yangu iliziba upya masaa kadhaa baadaye nikiwa nishafika nyumbani.

Siku ya kwanza nilimeza kidonge kimoja, ya pili kingine, katikati mapumziko ya wiki mbili, na hakuna aliyejua kipi ni dawa kipi ni plasebo, kidonge kisicho na dawa ndani, hata nesi. Mi niliapa dawa ilikuwa ya pili, kwa sababu siku ile nilitoka na furaha nimemaliza. Siri ya vidonge ilipofunguliwa nikaelezwa: dawa ilikuwa ya kwanza. Nikaomba nione alama zangu. Siku ya kwanza kwenye saa la mwisho niliandika 4, siku ya pili 9.

Furaha ilinidanganya, ila namba nilizojaza hazikudanganya.