Bechi moja, namba moja

Pale kiwandani tunatengeneza sabuni ya maji, na zamani ratiba ilikuwa inaandikwa kwa chaki ubaoni, mtu akipita akigusa na bega tu ishafutika. Sahivi tunatumia ERPNext, programu ya kusimamia kazi za kiwanda, kila bechi, yaani sabuni iliyochanganywa kwa mkupuo mmoja, ina namba yake na oda yake ya kazi, yaani nikishika simu naona kabisa tangi la pili bado wanachanganya au washaanza kupaki. Napenda sana kwenye kupanga rangi, tunaanza nyeupe, inafuata njano, kijani mwisho, hivyo tangi halioshwi kila saa. Juzi dumu moja likarudi, sabuni nyepesi kama maji, nikaingiza namba ya kwenye lebo ikanipeleka mpaka kwenye mfuko uliotumika wa chumvi, ile inayoifanya sabuni iwe nzito, basi tukatoa stoo madumu 14 tu ya bechi ile.