Salfa na vidonge

Mama mdogo alinipigia simu Julai 2019, kipindi ambacho vijiji vya Tandahimba, mkoani Mtwara, vyote hunuka salfa inayopulizwa kwenye mikorosho. Alisema: "Nimepimwa mlango wa kizazi kwa kupakwa siki, wameona weupe, dalili ya mabadiliko yanayoweza kuja kuwa saratani. Njoo nyumbani kwa sababu haya si ya kusemwa kwenye simu."

Nilipofika, baada ya shikamoo na chai ya rangi, alifunga mlango wa chumbani akatoa chupa za vidonge zilizokuwa chini ya nguo. Foliki asidi, vitamini A, vitamini C. Jirani mmoja anayeuza virutubisho ndiye aliyemletea, akamhakikishia kwamba vinasafisha mlango wa kizazi na weupe utaondoka wenyewe, hivyo asikubali kwenda Mtwara mjini kutibiwa kwa kugandishwa sehemu hiyo kwa baridi kali. Fedha alizonunulia zilikuwa za salfa. Mikorosho yake ya bondeni ilikuwa bado haijapulizwa, na maua yalikuwa yameshaanza.

Mama mdogo si mtu wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa hii: aliamini ukienda hospitali na shida ya huko, unatolewa kizazi. Hakuwa na mpango wa kuzaa tena, lakini alisema mwanamke aliyetolewa kizazi husemwa kijijini mpaka anazikwa. Vidonge vilimpa sababu ya kutokwenda. Hata hivyo aliniuliza swali ambalo mpaka leo naliona la akili kuliko mengi niliyoyasikia mjini: "Mwanangu, hivi vidonge vilishapimwa kwa wanawake wenye shida kama yangu, au vinasemwa tu?"

Usiku ule nilikaa uani, mahali mtandao unapokamata, nikasoma mpaka simu ikakaribia kuzima.

Kumbe vilipimwa, tena kwa miaka mingi. Mwaka 1982, huko Alabama, Marekani, Dakta Charles Butterworth na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 47 waliokuwa wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango na wenye mabadiliko ya seli, madogo au ya kati, kwenye mlango wa kizazi. Waliomeza foliki asidi miligramu 10 kila siku kwa miezi 3 walionekana kupata nafuu kuliko waliopewa kidonge cha kulinganishia. Anayetaka kuuza chupa anaweza kuishia hapo. Butterworth hakuishia hapo. Alirudia kwa wanawake 235, kwa miezi 6, na mwaka 1992 yeye mwenyewe akaandika kwamba hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Nilimheshimu sana mtu huyo, kwa kuwa alilipima tena tumaini lake na akawaambia watu lilivyotoka.

Kulikuwa pia na dawa ya jamii ya vitamini A, iliyowekwa moja kwa moja kwenye mlango wa kizazi badala ya kumezwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba wanawake wenye mabadiliko ya kati walipona asilimia 43, na waliowekewa kisicho na dawa walipona asilimia 27. Wenye mabadiliko makubwa haikuwasaidia.

Asubuhi nilimweleza yote tukiwa tunachambua mboga. Ile asilimia 27 ndiyo iliyomsimamisha.

"Hao hawakupewa kitu. Wamepona na nini?"

Nikamwambia kuhusu HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na kwamba mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kwa baadhi ya wanawake hakitoki, na hao ndio walio hatarini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ni kama mwaka ambao ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, haukuja: mikorosho yote huzaa, na aliyekuuzia salfa mbovu anatembea kifua mbele. "Lazima uache mistari mingine bila kupuliza, ndiyo ujue." Sikuwa na la kuongeza.

Alitaka kujua kama basi avitupe. Nilimwambia foliki asidi ina kazi yake, ndiyo maana wajawazito hupewa kliniki, na mchicha na kisamvu aendelee kula. Ila kidonge hakiondoi weupe uliokwisha kuonekana.

Tulikwenda mjini wiki hiyohiyo, na baba mdogo akaja naye, jambo lililonifurahisha kwa sababu nesi alihitaji kumwambia uso kwa uso kwamba watalala mbalimbali kwa mwezi mzima. Nesi alimwonyesha mama mdogo kile chuma cha kugandishia kabla ya kukitumia, akamwambia kizazi hakiguswi: baridi dakika 3, mapumziko dakika 5, kisha dakika 3 tena. Alitoka ameshika tumbo, akasema maumivu ni ya hedhi tu, tena hedhi ya kawaida. Majimaji yalimtoka kwa wiki kadhaa kama alivyoelezwa.

Mikorosho ya bondeni ilipulizwa kwa kuchelewa na ikazaa kidogo. Hilo bado linaniuma, maana ile ilikuwa ada ya shule ya mtu.

Mwaka 2020 alirudi kupimwa. Siki ikapakwa, dakika moja ikapita, weupe haukuonekana. Binti yake alikuwa ametimiza miaka 14, na Tanzania ilikuwa imeanza kuwachanja wasichana wa umri huo dhidi ya HPV tangu 2018. Mama mdogo alikwenda shuleni mwenyewe kuhakikisha jina la binti limeandikwa, kisha akaanza kupita kwa dada zake, nyumba kwa nyumba, akiwauliza nani ameshapimwa.