Herufi Nane

SHOPRITE ina herufi nane. NAKUMATT nayo nane. Hesabu hiyo niliijua kwa mabega kabla sijaijua kwa macho, usiku mmoja wa mwaka 2014, nikiwa juu ya jukwaa la mabomba pale Mlimani City, jengo la maduka la Dar es Salaam, nimemshikia mjomba wangu kamba.

Mjomba alikuwa fundi wa mabango. Alianza zamani kwa brashi na kopo la rangi, akiandika majina ya saluni na migahawa kwenye kuta za Sinza na Manzese, na hata zilipokuja herufi za bati zenye taa ndani watu waliendelea kumwita mchoraji. Mimi nilikuwa saidia fundi wake. Kazi ile ya Mlimani City hatukuipata wenyewe. Kuna kampuni iliyokuwa imechukua tenda, ikawaita mafundi wa nje, na Mjomba akaniambia nivae viatu vya kufunika vidole na nile vizuri jioni, kwa kuwa tungeanza saa nne usiku, wateja wakishaondoka.

Nilikula, lakini chakula hakikushuka vizuri. Yale maandishi niliyokuwa naenda kuyashusha nilikuwa nimeyasoma tangu nikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006, na sisi tuliokulia upande ule wa mji tuliipokea kama watu waliojengewa bandari. Kabla ya hapo kununua kitu cha maana kulikuwa na maana moja tu, Kariakoo: kusukumana, kupatana bei, kushika pochi kwa mikono miwili. Ghafla pakawa na jengo refu la chini, halina ghorofa la kupanda, kando ya Barabara ya Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu. Mwekezaji alikuwa Turnstar wa Botswana. Maduka mawili makubwa, Shoprite na Game, yote yalikuwa ya Afrika Kusini. Bei zimebandikwa, huna wa kubishana naye. Siku wanachuo wakipokea boom, ile fedha yao ya kujikimu, foleni za malipo zilifika mpaka kwenye rafu za sabuni.

Sisi tulikwenda Jumapili. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, tukatembea ndani ya ubaridi ule kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, kisha tukanunua mkate mmoja wa moto na kurudi nao Manzese kwa daladala. Mkate mmoja. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkate unaotoka ovenini namwona Mama ameushika kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

Basi usiku ule nilipoambiwa nifungue bolti ya kwanza ya ile S, niliuliza, "Mjomba, wanaondoka kweli?"

"Wameshaondoka, mwanangu. Hapa imebaki saini yao tu."

Nakumatt ya Kenya ilikuwa imenunua maduka ya Shoprite nchini, mawili Dar na moja Arusha. Moshi walikuwa wameshafika tangu 2011. Nyumbani kwetu watu walifurahi, mimi nikiwa mmoja wao. Waliokuja sasa walikuwa majirani, watu wanaosema lugha yetu, wenye jina lililotokana na godoro: Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mji wa Nakuru lililokua likawa mtandao wa supamaketi.

Herufi ukiiona kutoka chini, kwenye maegesho ya magari, ni kitu chepesi. Ishike. Ile S ilinifika kifuani, nyuma yake bati, mbele plastiki ngumu, ndani nyaya na taa na vumbi la miaka minane. Vumbi jekundu, lile la Sam Nujoma ilipokuwa inachimbwa kupanuliwa. Tuliishusha kwa kamba mbili, taratibu, Mjomba akihesabu, vijana wawili wakiipokea chini na kuilaza juu ya maboksi. Kisha H. Kisha O, ambayo ni ngumu kuliko zote kwa sababu haina pembe ya kukamata.

Zilipokwisha, nikageuka kutazama ukuta, na jina bado lilikuwepo. Mahali herufi zilipokuwa zimekaa rangi ilikuwa mbichi, haijaguswa na jua wala mvua, na pembeni pote ukuta ulikuwa umepauka. SHOPRITE ilisomeka vizuri kabisa, kwa kivuli chake.

Wakati tukisubiri nyaya zikaguliwe, alikuja msimamizi wa jengo na chupa ya chai. Alikuwa mtu mpole, wa umri wa Mjomba, na alipenda kueleza. Akasema duka kubwa kama lile huitwa mpangaji nanga. Ndilo linalowavuta watu, na wenye maduka madogo wanakodi kwa sababu yake. Mtu anakuja kutafuta unga na mafuta, akitoka anaona viatu, anakumbuka vocha, anaingia benki. Ndiyo maana makubwa huwekwa mbalimbali, ili mteja akitaka yote mawili apite mbele ya milango ya wote.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba mtindo huo una umri mkubwa. Victor Gruen, msanifu majengo aliyekimbia Vienna mwaka 1938, ndiye aliyechora Southdale, Edina, nje kidogo ya Minneapolis huko Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1956. Aliweka chini ya paa moja maduka makubwa mawili yaliyokuwa yakishindana, Dayton's na Donaldson's, na kati yao ukumbi wenye joto wakati wa theluji. Majina yote mawili hayapo tena. Jengo lipo.

Usiku ule sikuyajua hayo, ila Mjomba, mtu wa Pangani aliyezaliwa kwenye ukoo wa manahodha, lile neno lilimgusa. Aliweka kikombe chini.

"Nanga kwetu hutiwa ili chombo kisiondoke," akasema. "Hii yenu imeng'oka, na chombo hakikusogea."

Msimamizi alinyamaza, akaangalia mlango uliofungwa. "Ila wadogo wanayumba, fundi," akasema. "Hawa wadogo wanayumba sana."

Nililielewa neno lake kesho yake, na nitalisema hapa hapa. Asubuhi, wakati tunafungasha, dada mmoja mwenye duka la viatu alitufuata na kutusalimia kwa heshima zote, kisha akauliza lini mlango mkubwa utafunguliwa. Hakuuliza nani anakuja wala anauza nini. Aliuliza siku. Kodi yake ilihesabiwa kwa mwezi, na watu wake walikuwa ni wale waliotoka mle ndani na mifuko. Mjomba, ambaye hakuijua hiyo siku, alimjibu, "Karibu, mama. Bango tumeshapandisha." Akashukuru kama amepewa kitu.

Kupandisha ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tulibandika karatasi ya vipimo ukutani, tukavuta uzi, Mjomba akaangalia kwa pimamaji, hakuridhika, akateremsha timazi. Tukaanza kutoboa. N. A. K. Kivuli cha jina la zamani kilikuwa kinapigwa rangi nyuma yetu, tukienda nacho pamoja. Tulipofika herufi ya saba Mjomba akasimamisha drili.

"Tazama."

Herufi ya saba ya SHOPRITE ni T. Ya saba ya NAKUMATT ni T. Umbo si moja na upana haukuwa sawa, lakini mguu wa ile mpya uliangukia juu ya kivuli cha ile ya zamani, na tundu la juu kabisa lilikuwa pale pale. Mjomba aliingiza bolti kwa kidole, ikakaa. Alicheka peke yake juu kule, mtu mzima, saa tisa za usiku.

"Huyu mpangaji hajahama," akasema.

Taa ziliwashwa alfajiri. Tulivuka barabara kwenda kuangalia kama mstari umenyooka, na ulikuwa umenyooka.

Mjomba alifariki mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, walikuwa wamefunga maduka yao Tanzania. Nakumatt nao wakaelemewa na madeni, duka la Mlimani City likafungwa, kampuni ikawekwa chini ya msimamizi na mahakama ya Nairobi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe. Zile herufi nane zilishushwa na mafundi wengine. Nilipokwenda kuangalia, ukuta ulikuwa umepigwa rangi mpya. Nilisimama nikahesabu kutoka kushoto mpaka pa saba. Tundu lilikuwa limezibwa vizuri, kazi ya mtu anayejua kazi.

Mwishoni mwa 2022 ikawa zamu ya Game. Nilikwenda na binti yangu, ambaye alikuwa ndiyo anajifunza kusoma. Ndani rafu zilikuwa nusu tupu na watu walinunua kimya kimya, kama wageni kwenye msiba wanaonong'ona. Tulipotoka alinyoosha kidole juu, akazitaja moja moja: G, A, M, E.

"Ni nne tu, baba."

Nikamwambia ndiyo, ni nne. Nami nikawa natazama sakafu, natafuta mahali jukwaa lingesimama.