Siku mana ilipokoma

Bwana asifiwe, wapendwa. Masomo ya wiki hii ni Yoshua 5:10–12 na Luka 10:1–9.

Habari ya mana kuanza kushuka tunaijua wote tangu utotoni. Habari ya mana kukoma tunaipita mbio, maana kitabu cha Yoshua kinaitaja kwa maneno machache tu na hapo hapo tunavutwa kwenda kwenye kuta za Yeriko. Leo tusiende Yeriko kwanza. Tukae kidogo Gilgali. Israeli wamevuka Yordani, wamefanya Pasaka jioni ya siku ya 14 ya mwezi, na kesho yake wakala mazao ya nchi: mikate isiyotiwa chachu, na bisi. Asubuhi iliyofuata hakikushuka kitu. Miaka 40 watu hawa walikuwa wakiamka na kukikuta chakula kimelala chini wakiokote, na sasa wanatoka hemani na kukuta udongo mtupu.

Ungeweza kudhani Mungu amewapunguzia posho. Kumbe ahadi ndiyo ilikuwa inatimia. Mana ilikuwa chakula cha njiani, chakula kisicho na kwao. Hakuna aliyeilima, hakuna aliyeipalilia. Nafaka ya Kanaani ilikuwa na udongo wake na mvua yake, na mkono ulioipanda, ambao bila shaka haukuwa mkono wa Mwisraeli. Yule yule aliyewalisha kwa muujiza aliendelea kuwalisha kwa mashamba ya watu, na hakuna mahali Maandiko yanaposema kwamba chakula cha pili kilikuwa na utakatifu mdogo kuliko cha kwanza.

Nasema hivi kwa sababu sisi waumini ni hodari wa mafundisho ya kufunga. Ya kula hatuna. Sala ya chakula tunaisoma harakaharaka huku jicho moja liko kwenye bakuli, na siku hizi jicho la pili liko kwenye simu kutafuta picha nzuri ya sahani. Tukishasema amina, tunahesabu kwamba mambo ya kiroho yamekwisha na yaliyobaki ni ya tumbo. Na tukisafiri ndiyo kabisa: safari ya injili inapangwa nauli, malazi na mahubiri, halafu chakula cha wenyeji kinawekwa kwenye orodha ya matatizo yatakayohitaji uvumilivu.

Israeli jangwani walikuwa na tatizo la namna hiyo. Hesabu 11 inatuambia walilia wakikumbuka chakula cha Misri: samaki, matango, matikiti, mboga, vitunguu, vitunguu saumu. Orodha ndefu, imepangwa kama ya mtu anayekwenda sokoni. Matofali hayamo. Fimbo za wasimamizi hazimo. Tena mana hawakuitafuna kavu. Sura hiyo hiyo inaeleza kwamba waliisaga kwa mawe ya kusagia au kuitwanga vinuni, wakaitokosa vyunguni, wakafanya mikate, na tamu yake ilikuwa kama ya mafuta mapya. Kitabu cha Kutoka kinaongeza kwamba ilikuwa na utamu wa mkate wenye asali. Kwa hiyo mapishi yalikuwepo na utamu ulikuwepo. Kilichowashinda ni kumbukumbu. Walikuwa wamebeba jiko la Misri vichwani mwao, na kila kilichoingia kinywani kililetwa mbele ya jiko hilo kihukumiwe.

Msafiri wa leo ana sentensi yake moja inayofanya kazi hiyo hiyo: “Kwetu hiki huwa tunakipika vingine.” Huenda ni kweli. Huenda hata ameisema akitabasamu. Lakini mwangalie mwenyeji wake wakati huo. Yeye hajakaa. Amesimama karibu na mlango, mikono ameikunja tumboni au anajifuta kwa kitambaa kisicho na unyevu wowote, na macho yake yanafuata mkono wa mgeni kutoka kwenye sahani hadi mdomoni. Tonge la kwanza likishaingia, anangoja. Mgeni akitikisa kichwa kwa furaha na kurudisha mkono kwenye sahani, mabega yanashuka na anakaa. Kabla ya hapo hakai. Kitu kilichowekwa mbele ya mgeni ni zaidi ya chakula. Ni saa kadhaa za maisha ya mtu, na maarifa aliyofundishwa na mama yake, na labda fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya jambo lingine.

Nadhani ndiyo maana Bwana Yesu, alipowatuma wale 70, alilisema jambo la kula mara mbili. Aliwaambia wasichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu. Yaani hata kama mmoja wao alikuwa na tumbo la kuchagua, hakuwa na pa kuficha akiba yake. Katika mstari wa 7 anawaambia wakae katika nyumba iyo hiyo, “mkila na kunywa vya kwao”. Mstari wa 8 anarudia: mji utakaowakaribisha, kuleni kinachowekwa mbele yenu. Ndipo mstari wa 9 unakuja na kuponya wagonjwa na kuutangaza ufalme. Angalia mpangilio huo. Mtume anakaa mezani kwanza, halafu anaweka mikono juu ya mgonjwa. Sisi tungeanza na mkutano wa hadhara na kumalizia na chai.

Halafu kuna lile onyo lake la kutohamahama nyumba hii hata nyumba hii. Wahubiri hulieleza kwa mambo ya uaminifu na utulivu wa huduma, na ni sawa. Lakini mtu aliyewahi kukaa ugenini anajua sababu nyingine nyepesi ya kuhama: harufu ya chungu cha jirani. Bwana anawajua watumishi wake.

Mgeni anayekula vya kwao amekubali kuwa mhitaji. Amekuja na neno la uzima, ni kweli, lakini kwa saa ile yeye ndiye mwenye njaa, na aliyeketi mbele yake ndiye mwenye kitu. Injili ikipita katika mlango huo inasikika tofauti na injili ya mtu ambaye hana haja na chochote chako isipokuwa uongofu wako. Yesu mwenyewe pale kisimani Samaria alianza na ombi: nipe maji ninywe. Yule mama alishangaa, maana Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria, na huyu anaomba kunywa kutoka mkononi mwake. Mazungumzo yote makubwa yaliyofuata yalisimama juu ya ombi lile. Baadaye watu wa mji wakamsihi akae, akakaa siku 2. Yohana hatuambii alikula nini siku hizo. Alikula vya Wasamaria, vingine vingetoka wapi?

Petro ndiye aliyetaabika zaidi katika somo hili, na kwa kweli namhurumia. Yuko Yafa, juu ya dari ya nyumba, saa sita mchana, ana njaa, na chini wanaandaa chakula. Maono yanamjia: nguo kubwa inashushwa, imejaa wanyama wa kila namna. Chinja, ule. Anakataa, maana kwa Myahudi wale ni najisi, na sauti inakuja mara 3. Kisha anakwenda Kaisaria nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, Roho Mtakatifu anashuka, watu wanabatizwa, na Petro anaombwa abaki siku kadhaa. Sasa soma Matendo 11:3, anaporudi Yerusalemu. Ndugu wanamlaumu. Wanamlaumu kwa kuhubiri? Hapana. Kwa kubatiza? Wala. Wanasema: uliingia kwa watu wasiotahiriwa, ukala nao. Hapo ndipo palipouma. Mtu anaweza kuvumilia uhubiri kwa watu asiowapenda. Kula nao ni habari nyingine.

Na hata baada ya maono yale, Wagalatia 2 inasimulia kwamba huko Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, lakini walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kurudi nyuma na kujitenga, kwa kuwaogopa. Paulo akampinga ana kwa ana. Kwa hiyo mtu aliyeona mbingu zimefunguka juu ya jambo la chakula bado aliweza kusukuma sahani kando kwa sababu ya macho ya wenzake. Ukiona unapata shida kula na watu fulani, usijilaumu sana kwamba wewe ni mchanga katika imani. Uko na mtume. Ila mtume alikemewa.

Hapa kuna wanaoniuliza: basi tule kila kitu, tunywe kila kitu? La. Wale wana wa manabii wa Gilgali, wakati wa njaa, mmoja wao alichuma matango-mwitu asiyoyajua, akayakatakata chunguni, na waliokula wakapiga kelele kwamba mna mauti ndani. Elisha alisaidia, lakini Elisha hayuko kila safari. Waulize wenyeji kinacholiwa na kisicholiwa, chemsha maji, mwenye maradhi ayaheshimu masharti ya daktari wake. Kuhusu vileo, Zaburi 104 inamshukuru Mungu kwa divai inayomfurahisha mtu moyo, na Waefeso 5 inakataza kulewa, na waumini wa kweli wamesimama pande zote mbili kwa dhamiri safi. Warekabi, wale wa ukoo wa Rekabu katika Yeremia 35, waliwekewa vikombe na mabakuli yaliyojaa divai ndani ya nyumba ya Bwana, na nabii mwenyewe akawaambia wanywe. Wakakataa, kwa ajili ya agizo la baba yao, na Mungu akawasifu. Danieli naye alikataa chakula cha mfalme, lakini tazama alivyokataa: alimwomba msimamizi, akapendekeza kitu kingine, akataka wajaribiwe siku 10 tu. Hakufanya hotuba juu ya uchafu wa meza ya Babeli. Kukataa kwa adabu kunawezekana kabisa. Kukunja uso ndiko kunakovunja nyumba.

Jambo lingine linalohitaji macho ni mfuko wa anayekulisha. Elia alipofika Sarepta, nchi ya Sidoni, aliomba maji kidogo, na yule mjane alipokuwa akienda kuyaleta akaongeza: na kipande cha mkate. Mjane alikuwa na konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa, na kuni mbili alizokuwa akiokota zilikuwa za kupikia mlo wa mwisho wake na mwanawe. Elia alikuwa na neno la Bwana kwamba unga hautapunguka. Wewe na mimi, tusipokuwa na neno kama hilo, tuangalie watoto wa nyumba wanakula saa ngapi na wanakula nini baada ya mgeni kunawa mikono. Kula vya wenyeji kwa furaha hakuna maana ya kuwamalizia. Kipo chakula ambacho heshima yake ni kukionja, kukisifu, na kukirudisha kwa watoto.

Nyumbani mambo hugeuka. Mtu aliyekula kwa shangwe ugenini, akauliza kila kiungo kwa jina, akirudi kwake anafunua chungu na kuguna. Tena hiki? Bwana alisema nabii hakosi heshima isipokuwa katika nchi yake, na mimi huwaza kwamba chakula kina msiba ule ule. Mgeni wetu akitaka kuonja tulacho kila siku, tunaona haya na kukimbilia cha dukani.

Mbele ya ile hadhara ya watu 5,000, Andrea alikuwa na haya kama hiyo. Kuna mtoto hapa ana mikate 5 ya shayiri na samaki 2, alisema, lakini hivi ni nini kwa watu wengi kiasi hiki? Shayiri ilikuwa nafaka ya watu wa chini. Katika Ufunuo 6 kibaba 1 cha ngano kina bei ya vibaba 3 vya shayiri. Yesu aliyegeuza maji kuwa divai Kana angeweza kuigeuza shayiri kuwa ngano. Hakuigeuza. Aliishika kama ilivyo, akashukuru, akaigawa, na watu wakashiba shayiri yao na samaki wao. Kisha akaagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee kitu, vikajaa vikapu 12.

Na alipokwisha kufufuka, na mauti haimtawali tena, aliwasha moto wa makaa kando ya ziwa asubuhi, akaweka samaki juu yake, na mkate. Wanafunzi walipofika pwani tayari alikuwa na chakula cha kutosha, lakini akasema: leteni na wale mliowavua sasa hivi. Samaki wa ziwa lile walikuwa wamewala maisha yao yote.

Tuombe.

Bwana, asante kwa aliyepanda, aliyevuna, aliyebeba na aliyepika. Walio safarini wiki hii uwape wenyeji wema na tumbo lenye afya. Sisi tuliobaki nyumbani utusaidie kumshukuru kwa sauti yule anayetupikia, leo, kabla sahani hazijaondolewa. Na wanaolala na njaa, utuonyeshe ni yupi kati yao yuko karibu nasi, tumwite. Amina.